Karanga Elfu Moja na Tisa

Usiku sana Nadine alisikia karanga moja ikidondoka ndani ya sahani, ti, kisha kimya. Nadine ni rafiki yangu hapa Kasongo, mama wa mapasa, yaani mapacha, kama mimi. Mchana alikwenda sokoni kununua karanga, maana Gédéon, mmoja wa mapasa wake, alikuwa anaungua homa, na mama mkwe alimwambia, "Mama Mapasa, huyu mutoto anaona mwenzake anapewa zaidi. Gawa sawasawa, isibaki hata moja, homa itatoka."

Akagawa kwa wawili, ikabaki moja. Akaita watoto wa jirani, akagawa kwa watatu, kwa wanne, kwa saba, bado inabaki moja. Akahesabu zote: elfu moja na tisa. Tulisoma pamoja, anajua hiyo ni namba tasa, haikubali kugawanywa. Basi akaitafuna ile moja, akaweka mia tano na nne kila sahani, akazima taa.

Ndipo ile ti. Akahesabu upya gizani, kwa vidole. Sahani ya Gédéon, mia tano na nne. Ya ndugu yake Heri, mia tano na tano, na ile ya juu ilikuwa imetafunwa, ingali na mate ya moto.

Aliniapisha ninyamaze. Nakuambia wewe tu, dada, sababu Olga, mmoja wa mapasa wangu, ameanza homa leo. Sitamwambia mutu mwingine.