Mstari Mmoja wa Jalila

Jumanne ya tarehe kumi na moja Juni ndiyo siku nyumba ya Mbwana ilipoharibika, jamaa zangu. Asubuhi yake ilikuwa tulivu. Mbwana, aliyefiwa na mkewe, alikuwa uani kwake Likoni akishona makuti. Mara akaingia bintiye Jalila, wa kidato cha tatu, saa ya kuwa darasani.

"Shikamoo baba. Unaitwa shule. Wasema nimeiba majibu ya mtihani."

Mbwana akafuatana naye hadi shule bila kumhoji. Tangu msiba ule, moyo wake haukumwamini mtu. Na binti huyu jioni huenda wapi?

Ofisini alikuwapo naibu mwalimu mkuu, Absalom, mtu wa bara. Yeye alisomesha dini, lakini hesabu alizisahihisha yeye, kwa kufuata karatasi ya majibu.

"Mzee, waliambiwa watafute baki, wakigawanya x³ + 2x² – 5x + 1 kwa x – 2. Wenzake wamejaza ukurasa mzima. Huyu wako mstari mmoja, na amepata saba. Si ameiona mahali?"

"Jalila."

"Abee baba."

"Umeitoa wapi?"

"Nimetia mbili pahali pa x. Nane, jumlisha nane, toa kumi, jumlisha moja. Saba. Ndiyo baki."

Absalom akacheka. "Kugawanya bila kugawanya. Hata mganga hawezi hiyo."

Nawauliza, ndugu: ilikuwa kazi gani kumpa swali jingine palepale? Hakupewa. Na Mbwana, badala ya kusimama na mwanawe, akasema, "Wallahi mwalimu, hata mimi namshuku. Jioni haonekani nyumbani."

Basi. Mzazi keshasema, nani tena atabisha? Jalila akafukuzwa shule.

Jioni akaja jirani, Mwanasaumu, aliyewahi kusomesha hesabu, uso umekunjana.

"Jioni zote Jalila alikuwa kwangu, shemeji. Nikimfunza hesabu. Shule yenu haina mwalimu wa hesabu tangu Januari, hujui?"

"Na huo mstari mmoja?"

"Kinachogawanywa ni kigawanyi mara jibu, kisha ujumlishe baki. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa x ikiwa mbili, x toa mbili ni sufuri. Sufuri mara jibu lolote ni sufuri. Kitasalia nini?"

Mbwana akafikiri. "Baki."

"Peke yake. Njia ndefu ya nini tena?"

"Mbona hukuniambia kwamba huwa kwako?"

"Nikwambie lini? Tangu mkeo afe, ukinipita njiani hata salamu hutoi, waniona mchawi."

Kesho yake Mbwana akaenda shule mbio kuomba bintiye arudishwe. Absalom akamtazama. "Ulishuhudia wewe mwenyewe, mzee. Nikigeuza sasa, wakubwa watanionaje?"

Jalila yuko kwa shangazi yake Msambweni. Amekataa kurudi kwa baba aliyemshuku wizi mbele ya watu.

FUNZO

Mzazi, mwanao akishtakiwa, mwambie akuonyeshe alivyofanya kabla hujamuunga mkono mshtaki. Njia fupi si wizi. Aliyeiba jibu hawezi kulieleza. Na dhana mbaya ni dhambi, hata ikijiita ulezi.

Lakini ninyi wenye vyeo msijifiche nyuma ya ulimi wa Mbwana. Yeye kapoteza mwana, ninyi hamkupoteza hata usingizi. Tumeuliza shuleni, tumeuliza na kwa wakubwa wao, kila mmoja atuelekeza kwa mwenzake: ni nani aliyejua kuwa darasa lile halina mwalimu wa hesabu, akawa kila mwezi aandika katika ripoti ya shule kwamba yuko?