Msuko wa Bi Sayyida

Saa tatu ya asubuhi, katika nyumba moja ya Bawshar, Maskati, Bi Mazoon, mwosha maiti, alimvua marehemu Bi Sayyida ushungi ili amfumue nywele. Msuko wa kushoto ulikuwapo, mweupe, umefika kiunoni. Wa kulia ulikuwa umekatwa kisogoni, mkato mmoja ulionyooka.

Kilichokatwa katika maiti huzikwa naye, na mazishi yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri.

"Ni huyu," alisema Amur, mwana wa marehemu, akimwashiria Nankya, mtumishi wao kutoka Uganda. "Kachukua nywele za uchawi. Nshawapigia polisi."

"Mimi sijakata, baba. Mama nimemlisha miaka miwili."

"Nani alikaa na maiti?" aliuliza Bi Mazoon.

"Kafariki saa kumi alfajiri. Nankya alikaa naye mpaka saa kumi na mbili, kisha akaingia binti yangu Taghreed."

Bi Mazoon aliinua macho. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama kwenye saa kumi kamili, na kioo kimefunikwa kitambaa cheusi. Miaka thelathini ya kuosha maiti Maskati, hakupata kuyaona hayo.

"Saa yenu mbovu?"

"Taghreed kaisimamisha. Tangu arudi masomoni Uingereza, ni enzi za Malkia Viktoria tu. Waingereza wa enzi hizo, mtu akifa, husimamisha saa na hufunika vioo. Hata chai humu tunakunywa kwa ratiba, bibi."

Bi Mazoon aliifuata harufu kali mpaka jikoni, Nankya nyuma yake. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ndogo yenye povu la kijivu, ikinuka magadi.

"Unapika nini, Nankya?"

"Si mimi, mama. Dada Taghreed amesema nisiguse, anasafisha vijiko vya fedha."

Bi Mazoon alitia upawa. Hapakuwa na kijiko. Ulipanda msuko mweupe, unachuruzika. Akaziba pua kwa ncha ya shela.

Taghreed aliitwa mbele ya baba yake, naye hakukana.

"Magadi hutoa mafuta, bibi. Kisha nywele husukwa, zikatiwa kidanini. Waingereza wa enzi zile walivaa nywele za wafu wao. Ni mapenzi."

"Ungemwomba yu hai."

"Angekataa."

"Basi ulijua. Na huyu mtoto wa watu, anayengojea polisi?"

Taghreed alitazama chini. "Nilidhani wangemrudisha kwao tu."

"Jambo la sufuria linanitapisha, mwanangu," alisema Bi Mazoon. "Hilo ulilolisema sasa, sijui lioshwe kwa maji gani."

Amur aliwapigia polisi wasije, akamgeukia Nankya. "Haya, yamekwisha. Watengenezee wageni kahawa."

Nankya hakutikisika. "Nirudishie pasipoti yangu, baba."

Amur alikohoa. "Tutazungumza baada ya mazishi."

Bi Mazoon aliusuuza msuko, akaukunja katika kitambaa cha sanda, akakaa kitini mlangoni mwa chumba cha maiti. Maji ya kuoshea yalikuwa tayari.

"Mpe kwanza," alisema. "Nnasubiri."