Kipimo cha Mjamzito, Mkono wa Muuza Nyama

Sogeeni, majirani, na mwenye mume anayependa sifa amlete akae mbele.

Nyumbani kwa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, asubuhi zilikuwa tulivu. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kungoja, na kila kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani yake alikigeuza kishati cha mtoto. Cheche alikuwa akinywa chai mlangoni na kuimba vibaya. Raha tupu.

Ndipo wakaja vijana wa kampuni changa, mabegi mgongoni, macho yanawaka. Kituo cha afya kilikuwa mbali, na presha ilikuwa ikiwaangusha wajawazito kabla mtu hajajua. Vijana wakabuni kipimo: unavaa mkanda mkononi, unabonyeza, namba zinaruka zenyewe hadi kwenye simu ya muuguzi. Zikiwa mbaya, simu ya nyumbani inalia king'ora.

"Tuandike simu ya nani?"

"Yangu," Cheche akadakia. "Mimi ndiye kichwa cha nyumba."

"Na mimba nayo iko kichwani?" mkewe akauliza, macho kwenye sindano.

Iliandikwa ya Cheche hivyo hivyo.

Jamani, kile kipimo kilimpagawisha. Alikibeba kwenda nacho karakanani, eti akionyeshe tu. Aliyeulizia geti alipimwa. Aliyepita kununua vocha alipimwa. Watu wakampa cheo, Daktari Cheche, naye akaanza kutembea mikono nyuma. Mgonjwa wake mkuu alikuwa muuza nyama wa kibanda cha jirani, mnene, mcheshi, presha juu kila akivaa mkanda. King'ora kikilia, kijiwe kizima kinacheka.

Muuguzi hakucheka. Alipiga simu. "Shemeji, vipimo vya mkeo vinanichanganya. Asubuhi chini, mchana juu, jioni chini tena."

"Mzima kabisa, dada. Huyo ni muuza nyama, namjaribishia."

"Kila namba inayoingia huku naiona ni ya mkeo. Mwachie kipimo chake."

"Nimekuelewa," alisema Cheche, na kesho yake akampima fundi viatu.

Msimwone katili. Alimpenda mkewe. Ila sifa ni tamu, na yeye alikuwa ameonja. Nyumbani miguu ya mkewe ilivimba hadi viatu vikakataa.

"Baba, kipimo kiko wapi? Kichwa kinaniuma."

"Nitakirudisha jioni. Hilo ni joto tu."

"Jioni ya lini?"

Mama wa watu akachoka kuuliza. Siku iliyofuata alijikokota mwenyewe hadi karakanani, akakitwaa kipimo mezani na kuondoka nacho. Cheche, kinyago cha kuchomelea usoni, hakuona.

Baada ya muda simu ikalia king'ora. Akakizima kwa kidole gumba kama anayefukuza inzi. Kikalia tena. Akazima. Muuguzi akapiga.

"Mkeo yuko wapi? Hizi namba ni za hatari."

"Usihangaike, dada. Ni muuza nyama na mafuta yake."

"Mimi?" Muuza nyama alikuwa amesimama papo hapo. "Mimi leo sijagusa mkanda wako. Nimefuata ndoano zangu za kutundikia nyama."

Cheche akageukia meza. Koleo, nyundo, vipande vya chuma. Kipimo hakuna.

Alikimbia na aproni yake, simu sikioni, muuza nyama nyuma yake na kigari chake cha injini cha kubebea nyama. Wakamkuta mama sakafuni, mkanda bado mkononi, anasema anaona vimulimuli.

"Mlazeni ubavu wa kushoto," muuguzi akasema simuni. "Msimpe kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali kubwa, nimeshawaambia wajiandae."

Wakampakia kigarini, muuza nyama akaendesha huku akipiga honi mfululizo. Nyuma, Cheche alimshikilia mkewe aliyeanza kukakamaa, akimwita tena na tena. Mlangoni mwa hospitali machela ilikuwa tayari, sindano ya dawa tayari, daktari amenawa mikono. Namba zilikuwa zimefika kabla yao.

Alipasuliwa. Akazaliwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye makelele ya mtaa mzima. Mama akapona.

Vijana wa kampuni waliposikia habari hawakukasirika tu, walijifunza. Kumbe mtaa mzima ulikuwa na kiu ya kupimwa. Wakaleta kipimo kingine cha watu wote, kikawekwa kando ya barabara kwenye kibanda alichokichomelea Cheche mwenyewe, na mhudumu wa afya akakaa hapo. Siku ya kufungua, Cheche alinyoosha mkono abonyeze wa kwanza. Mkewe, mtoto mgongoni, akamshika shati.

"Kapange foleni, Daktari."

MAFUNZO

Kifaa cha mgonjwa si cha kuonyeshea watu. Ukikiazima kwa kila mkono, unamfanya muuguzi awe kipofu. King'ora ulichozoea kukizima ndicho siku moja kitakachomlilia mtu wako. Mkeo akisema anaumwa, mwamini kabla mashine haijasema. Nanyi wabunifu wetu, tunawashangilia, endeleeni kuja. Lakini simu ya kuandika iwe ya mwenye mimba.