Upande wa Nyuma wa Kadi

Siku Bibi alipofariki, Cheche alirudi kutoka shule akiwa na kiu na hasira, kwa sababu alikuwa ameshindwa mbio kwa hatua moja tu. Alibwaga mkoba kizingitini kama kawaida yake, akangoja ile sauti ya kila siku: "Mkoba huo una miguu? Utajipeleka ndani wenyewe?" Sauti haikuja. Baba, ambaye ni fundi bomba na hurudi nyumbani jioni, alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti cha Bibi, spana ingali mkononi. Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, akasema anapumzika kidogo. Hakuamka tena.

Mkoba ulibaki kizingitini mpaka asubuhi.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, sasa wakabaki wawili. Mama yake Cheche alifariki mtoto akiwa hajaanza hata kutambaa, kwa hiyo Bibi ndiye aliyemlea, na ndiye aliyempa jina hilo la Cheche. Alisema mtoto huyu akikaa chini dakika tano, basi anaumwa.

Kanisani Bibi alijulikana kama Mmisionari wa Stendi. Jina hilo lilianza kama utani. Wamisionari wengine huvuka bahari. Bibi alivuka barabara mbili tu, akafika stendi ya mabasi, mahali waliposhuka watu waliotoka nchi nyingine wakiwa na mafurushi yao, wasijue waangalie upande gani. Aliwasalimia, akawauliza shida zao, kisha akaandika kadi. Kadi zenyewe alizikata kwenye maboksi ya sabuni ya unga. Upande wa ndani, usio na maandishi, aliandika jina la mgeni na ombi lake. Kila Jumatano alasiri wanawake wa kikundi cha maombi walizipanga mezani katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, wakaziombea moja moja. Wakishasema amina, Bibi alizikusanya, akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye mfuko wa aproni yake, akaondoka wa kwanza.

Siku ya tatu baada ya mazishi, shangazi wawili walikuja kupanga nguo za marehemu. Walianzia chumbani. Cheche aliwahi jikoni, akatia mkono kwenye mfuko wa ile aproni iliyoning'inia nyuma ya mlango. Kadi zilikuwemo, kumi na mbili, zinanukia sabuni. Mwandiko wa Bibi ulikuwa umelalia kushoto, kama nguo zilizoanikwa zikapigwa na upepo. Cheche hakufikiri mara mbili. Alizificha ndani ya atlasi yake.

Jioni ile alikuja Mama Katibu, katibu wa kikundi cha maombi, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya wodini.

"Mjukuu wangu, pole tena. Zile kadi za bibi yako hujaziona?"

"Sijaziona, Mama Katibu."

"Hata kwenye aproni?"

"Hapana. Labda... labda zilitupwa."

Baba aliinua macho, akamtazama bintiye, kisha akayarudisha kwenye kikombe chake.

Tangu hapo Cheche alikosa pa kukaa. Darasani alikunja miguu, akaikunjua, akageuka kushoto na kulia mpaka mwalimu akauliza, "Cheche, kiti hicho kimepakwa pilipili?" Darasa zima likaangua kicheko. Jirani yake wa dawati alinong'ona, "Unatikisa meza mpaka herufi zangu zinalewa!"

Nyumbani alijifungia chumbani kila alasiri, akapanga kadi kitandani, akaomba kama Bibi, hata kile kikohozi cha Bibi kabla ya amina hakukisahau. *Mzee wa jicho bovu, apone. Mama Mapacha, apate kibali cha kukaa.* Alijiambia kwamba hajaiba kitu. Kazi ya Bibi inaendelea, ila inaendelea chumbani kwake. Hata hivyo hakuwahi kuzimaliza zote kumi na mbili. Katikati ya maombi alijikuta amesimama, anafungua dirisha, analifunga, anakwenda bombani kunywa maji asiyoyataka.

Jumapili ya pili, ibada ilipokwisha, Mama Katibu alisimama mbele akiwa na mwanamke mgeni. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni kwake, wa pili kifuani, wote wawili wamelala.

"Ndugu zangu, Mama Mapacha mnamfahamu. Kesho saa tatu asubuhi anaitwa ofisi ya uhamiaji. Mara ya kwanza walimrudisha kwa sababu hawakuelewana naye. Barua inasema kesho asipokuja na mkalimani, jalada lake linafungwa, na yeye na watoto wanarudishwa walikotoka. Marehemu alinidokeza kwamba amempata mtu anayejua lugha ya mama huyu. Ni nani, sijui. Kadi zake ndizo zingetuambia, nazo zimepotea. Kuna yeyote hapa anayejua lugha hiyo?"

Watu walitazamana. Mtu mmoja akakohoa.

"Basi tumwombee," akasema Mama Katibu.

Vichwa vyote viliinama isipokuwa viwili. Mama Mapacha hakufumba macho. Alikuwa anatafuta uso mmoja wa kumsaidia kati ya nyuso zile zote, safu kwa safu. Cheche naye hakufumba. Macho yao yalipokutana, Cheche alihisi kama viatu vyake vina moto. Aliponyoka kabla ya amina, akakimbia hadi nyumbani bila kusimama.

Alifungua atlasi, akaitafuta kadi. *Mama Mapacha. Apate kibali cha kukaa.* Basi. Hakuna jina la mkalimani, hakuna lolote. Alishusha pumzi. Kumbe hata angezitoa zisingesaidia kitu! Nafuu hiyo ilimjia upesi mno mpaka akaionea haya. Akairusha kadi kitandani.

Iliangukia uso. Upande wa pili ulikuwa ule wa nje wa boksi, wenye mapovu ya bluu na jina la sabuni kwa herufi nene. Katikati ya mapovu kulikuwa na maandishi madogo ya penseli.

*Alishuka basi la asubuhi, tarehe tatu mwezi wa pili. Anakaa kwa mfua nguo, chumba cha uani.* Zikafuata tarehe tisa, siku ambazo Bibi alimtembelea. Halafu: *Uhamiaji, Jumatatu saa tatu. Mkalimani ni fundi saa, kibanda cha kijani karibu na posta. Ni wa kwao. Hapendi ijulikane, ila amekubali kwa ajili ya watoto. Nimkumbushe Jumapili.*

Jumapili ndiyo leo.

Cheche aligeuza kadi nyingine, na nyingine. *Blanketi nimempelekea. Nimtafutie chumba kisichovuja. Mzee wa jicho, nimsindikize hospitali Ijumaa.* Ijumaa hiyo ilikuwa imeshapita, na yeye siku hiyo alikuwa amejifungia hapa hapa, akimwombea mzee yule apone.

Alichana karatasi ya daftari. Angenakili maneno machache, akaipitisha chini ya mlango wa Mama Katibu, na hakuna ambaye angejua. Aliandika "Fundi saa", akasita. Karatasi isiyo na mwenyewe nani ataiamini? Aliikunja ikawa kidonge, akatoka nje.

Baba alikuwa uani, anasugua kutu kwenye bomba.

"Baba, nilidanganya."

"Kuhusu kadi."

"Ulijua?"

"Atlasi imenenepa ghafla, na wewe jiografia huipendi." Baba aliweka brashi chini. "Nilingoja useme mwenyewe. Nimekosea kungoja muda wote huu. Lakini hata mimi, mwanangu, nina miwani yake kwenye sanduku langu la vifaa. Shangazi zako wameitafuta mpaka wamechoka."

Cheche alitaka kucheka, akalia badala yake. Akampa kadi, upande wa nyuma ukiwa juu. Baba aliisoma mara moja tu.

"Vaa viatu."

"Hatuombi kwanza?"

"Tutaomba njiani. Miguu haimzuii mtu kuomba."

Kibanda cha kijani kilikuwa kimefungwa, lakini nyuma yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na mzee mwembamba mwenye nywele za mvi. Alifungua nusu.

"Leo sifanyi kazi. Saa ikisimama Jumapili, iacheni ipumzike."

"Hatuna saa mbovu, mzee wangu," Baba akasema. "Tumekuja kwa ajili ya Mama Mapacha."

Mzee alitazama barabarani, kushoto na kulia. "Nilisikia yule bibi amefariki. Nikasema basi, jambo limekwisha. Nikashukuru kidogo, Mungu anisamehe."

"Halijaisha," Cheche akasema, akanyoosha kadi.

Mzee aliisoma karibu na pua. Alipofika kwenye *hapendi ijulikane*, aliguna. "Miaka thelathini nimejificha nyuma ya saa za watu. Wateja wangu wanadhani nimezaliwa mtaa wa pili. Kesho nikifungua mdomo pale ofisini, mtaa mzima utajua."

"Mimi leo nimesema jambo langu," Cheche akamwambia. "Inauma sana. Lakini mtu hafi."

"Wewe bila shaka ndiye yule mjukuu asiyetulia."

"Ndiye," akajibu Baba.

Mzee alimrudishia kadi. "Saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni pa ofisi. Saa zangu hazichelewi."

Kwa Mama Katibu ilikuwa vigumu zaidi. Cheche aliweka kadi zote kumi na mbili mezani, akasema yote tangu aproni mpaka atlasi, wala hakumsingizia mtu. Mama Katibu alizisoma moja moja, upande wa nyuma, muda mrefu. Mwishowe alivua miwani.

"Kila Jumatano alikuwa anatoka wa kwanza," akasema taratibu. "Sisi tulidhani anawahi kupika."

Jumatatu Baba aliomba ruhusa kwa mwalimu, kwa hiyo Cheche alikuwa kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji kati ya Baba na Mama Katibu, pacha mmoja mapajani. Pacha huyo alimvuta sikio, naye akashukuru kupata kitu cha kufanya. Fundi saa alikuja amevaa koti. Alimwinamia Mama Mapacha, akamwambia maneno machache ambayo wengine hawakuyaelewa. Mama yule aliziba mdomo kwa viganja viwili, na machozi yakapita katikati ya vidole.

Ndani, ofisa aliuliza, fundi saa akatafsiri, Mama Mapacha akajibu. Ofisa akauliza tena: ana ushahidi gani kwamba amekaa mji huu tangu mwezi wa pili? Cheche alijua jibu liko mfukoni mwake, kwenye kadi ambayo Mama Katibu alimrudishia jana aje nayo. Alilitoa pole pole.

Ofisa aligeuza kadi, akatazama mapovu ya bluu, akatazama zile tarehe tisa. "Nani aliandika?"

"Bibi yangu. Alikuwa anamtembelea. Amefariki."

"Pole sana. Mfua nguo mwenye chumba nitampigia simu athibitishe. Lakini hii lazima ibaki kwenye jalada."

Cheche alishika ukingo wa meza. Zilikuwa kadi kumi na mbili za mwandiko ule duniani kote, na hii ndiyo ilikuwa na maneno mengi kuliko zote. Alimtazama Baba. Baba hakumsaidia kwa neno wala kwa kichwa. Alimtazama Mama Mapacha, ambaye hakuelewa kinachozungumzwa, lakini mikono yake iliwakumbatia watoto kwa nguvu.

"Ibaki," akasema.

Ofisa akaibana kwa stepla: ka! Kisha akapiga simu yake, akaandika, akagonga muhuri. Kibali cha mwaka mmoja.

Nje, Mama Mapacha alimkumbatia fundi saa, akamkumbatia Mama Katibu, akambusu Cheche kichwani. Walipobaki watatu, Mama Katibu alimshika Cheche bega.

"Sikiliza, mwanangu. Ulidhani umeficha karatasi. Ulikuwa umemficha mtu, na watoto wake wawili. Ukitaka kumkumbuka bibi yako, usimfungie kwenye atlasi. Nasi watu wazima tuna kosa letu. Tulimwambia Mungu shida za wageni hawa, tukamwachia na kazi tuliyoiweza wenyewe. Bibi yako alisema amina, halafu akavaa viatu. Hayo ndiyo maombi. Hata umisionari ndio huo, hata kama ni barabara mbili tu."

"Na yule mzee wa jicho?" Cheche akauliza. "Ijumaa yake nimeipoteza mimi."

"Nimempeleka leo alfajiri. Daktari amempa siku nyingine. Kamwombe radhi mwenyewe."

Alikwenda siku ile ile. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jicho moja linamtosha kuona kwamba mtoto huyu amejutia.

Siku hizi, Jumatano alasiri, kadi husomwa upande wa mbele, zikaombewa, kisha zikageuzwa, na kila kadi hupata mtu wa kuondoka nayo. Fundi saa huja pia, hukaa karibu na mlango. Wiki hii Cheche amechukua kadi ya msichana wa rika lake aliyeshuka basi Jumamosi na anataka kuanza shule. Keshokutwa saa moja na nusu asubuhi watakwenda pamoja kwa mwalimu mkuu.