Utepe Mwekundu wa Tajiri

Kila asubuhi Theodosia alifungua banda la kondoo kabla ya kuwasha moto jikoni. Aliishi Matogoro, karibu na msitu, na asubuhi za huko zina baridi kali. Kondoo wake wote walikuwa na majina. Mnene kuliko wote aliitwa Tajiri, naye alitembea kama mwenye duka.

Siku hiyo nyumba ilikuwa na furaha. Binti yake, Getruda, alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na alijifungua salama. Wakwe wa Getruda walikuwa njiani kutoka Madaba kuja kumwona mjukuu.

"Leo tunamchinja Tajiri," Theodosia alimwambia binti yake. "Wageni watakula nyama. Wewe mzazi nitakupikia supu ya maini na figo, upate nguvu."

"Mama, mimi naisikia harufu tayari," Getruda akacheka.

Mtaani kwao Wakatoliki na Waislamu waliishi pamoja. Mkatoliki akiwa na shughuli, alimwita jirani Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Theodosia akamwita Mzee Sefu. Mzee huyu alitoka Tunduru. Alikuwa msaidizi wa bwana mifugo kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Sasa alilima mchicha, na aliongea kuliko redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Getruda. Hongera kwa kupata mjukuu! Haya, yuko wapi marehemu mtarajiwa?"

Wakamleta Tajiri. Mzee Sefu akampapasa shingoni. Mara mkono wake ukasimama. Akarudisha kisu kwenye ala.

"Hapa pana uvimbe wa sindano. Amechomwa lini?"

"Hajachomwa, mzee. Mimi nilimnywesha dawa ya minyoo tu."

"Lini?"

"Eh... juzijuzi. Tulipomaliza kupalilia."

Osmund, mume wa Theodosia, alikuwa akipasua kuni. Akaacha shoka, akaja.

"Sindano nilimchoma mimi," alisema. "Alikuwa anakohoa. Dawa nilinunua mjini. Si amepona? Tazama alivyonenepa!"

"Ulimchoma bila kuniambia?"

"Na wewe ulimnywesha bila kuniambia!"

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Zamani dawa ya mifugo ililetwa na bwana mifugo, na yeye ndiye aliyekumbuka nani katibiwa lini. Sasa dawa ziliuzwa madukani, na kila mtu akawa daktari wa banda lake.

"Lete chupa," Mzee Sefu alisema.

Osmund akaitoa darini. Mzee Sefu akaishika mbali na macho, akasoma kibandiko.

"Penisilini."

Beseni la nyama alilokuwa ameshika likamponyoka Theodosia. Getruda alipokuwa mdogo, alichomwa sindano ya penisilini. Uso ulivimba, koo likabana, nusura afe. Daktari aliwaambia asiipate tena dawa hiyo maisha yake yote.

"Lakini hii ni ya kondoo," alisema Osmund. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dawa ni ile ile, Baba Getruda. Mnyama akipona, dawa haijaisha mwilini. Inabaki kwenye nyama. Inabaki zaidi pale ulipochoma, na kwenye maini na figo. Hutoka polepole, na huwezi kutegemea moto wa jikoni kuimaliza. Ndiyo maana kibandiko kinataja siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kila dawa ina muda wake. Hata ile ya minyoo."

"Maini na figo," Theodosia akarudia. Akakaa juu ya gogo, akalia. "Ningemlisha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Hukumlisha," alisema Mzee Sefu. "Futa machozi, mama. Kondoo yuko hai, na mwanao ni mzima."

"Basi tumchinje Madoa," alisema Osmund.

"Madoa hajatibiwa?"

Mume na mke wakatazamana.

"Nadhani nilimchoma Mweusi," alisema Osmund.

"Mweusi nilimnywesha mimi. Au alikuwa Madoa?"

"Mnadhani," alisema Mzee Sefu. "Basi leo kondoo wote wamepona kisu. Majogoo mnao?"

Walikuwa nao. Wageni wakala ugali kwa kuku wa kienyeji, wakalamba vidole. Getruda akanywa supu ya kuku. Mama yake alimchungulia mara kwa mara. Uso wa binti haukuvimba. Theodosia akashusha pumzi ndefu.

Kesho yake Mzee Sefu akarudi, akasimama mbele ya kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani.

"Ukimtibu kondoo, andika hapa siku hiyo hiyo," alisema. "Jina la kondoo, jina la dawa, na nani ametibu. Kisha hesabu siku za kwenye kibandiko. Muda ukiisha, andika 'ruksa'. Akipewa dawa mbili, subiri mpaka muda wa zote mbili uishe. Kibandiko kikichanika, usibahatishe. Muulize bwana mifugo."

"Na hawa ambao hatukumbuki?" aliuliza Osmund.

"Wahesabieni wote kuanzia leo. Afadhali kuchelewa."

Theodosia alikuwa amejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima. Akaandika mwenyewe, polepole. Kisha akachana kanga yake kuukuu nyekundu, akawafunga kondoo wote tepe shingoni. Mwenye utepe hachinjwi. Tajiri akaanza kuutafuna wake siku hiyo hiyo.

Siku ya ubatizo wa mtoto ikafika. Mzee Sefu akaja na kisu chake, akaletewa Tajiri.

"Sindano?" aliuliza.

Theodosia akamshika mkono, akampeleka kwenye kalenda. "Soma, mzee. Ruksa ilikuwa wiki iliyopita. Baba Getruda alitaka kukata utepe mapema, nikamkatalia."

"Alinikatalia kweli," alisema Osmund.

Mzee Sefu akacheka, akachomoa kisu.

Mchana Getruda akapewa bakuli la supu, na maini yalikuwa tele. Mama yake alisimama mlangoni akimtazama. Getruda alikunywa hadi tone la mwisho, akainua bakuli.

"Mama, imebaki?"

"Imebaki, mwanangu," alisema Theodosia. Akamjazia tena, bila hofu yoyote.