Kichwa-Cheupe na Ndagala za Mama Spès

Asubuhi ya Kalundu, bandari ya ziwani kando ya Uvira, Kongo, huanza na harufu ya ndagala. Wavuvi wanarudi, taa za mitumbwi zimezimwa. Wanawake wanawangoja ufukweni na vikapu. Samaki hao wadogo wanamwagwa mchangani, wanatandazwa, kisha jua linaachiwa kazi. Ndivyo mama zao walivyofanya, na bibi zao pia. Hakuna aliyejiuliza kama kuna njia nyingine.

Basile na mkewe Sidonie walikuwa watu wa ufukwe huo. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana mdogo aliyeitwa Spès. Kwa hiyo majirani walimwita Sidonie Mama Spès.

Mwaka huo, 1964, ulikuwa mwaka mgumu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na tayari uasi wa wapiganaji walioitwa Simba ulikuwa umefika Uvira. Risasi zilipoanza, familia hii ilikimbilia milimani, upande wa Bijombo. Walikaa huko miezi mingi. Walikula mihogo, na siku nyingine hawakula kitu. Jeshi la serikali liliporudi mjini, nao wakashuka. Waliikuta nyumba yao imesimama, ila mlango umechukuliwa. Vita ina watu wa kila namna, hata wezi wa milango.

Lakini mlango si mtoto. Spès ndiye aliyewaumiza moyo. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hakucheza, hakulia kwa nguvu. Alikaa tu ukutani, akiwatazama watu.

Jirani yao Honorine alikuwa muuguzi wa dispansari. Alimbonyeza Spès mguuni kwa kidole, akaona shimo linabaki.

"Iko na bwaki," alisema. "Ni ugonjwa wa mutoto mwenye amekosa chakula ya kujenga mwili. Muhogo peke yake haijengi."

"Atapona?" Sidonie aliuliza.

"Atapona kama anakula samaki kila siku. Kausha ndagala, twanga, changanya unga yake mu uji. Hata kidogo kidogo. Lakini kila siku, Mama Spès. Usiruke hata siku moja."

Tangu hapo Sidonie hakuwa na wazo lingine. Ndagala zilikuwa dawa ya mtoto wake.

Shida ni kwamba ndagala ziliibiwa. Sidonie alizitandaza mchangani, akaenda kuteka maji. Aliporudi, nusu ilikuwa imekwenda. Zilizobaki zilikuwa na mchanga na kinyesi cha kuku. Spès alikula uji wake, tumbo likamwendesha, akazidi kukonda.

"Ni ule," Basile alisema, akinyoosha kidole.

Juu ya mti mkavu, karibu na maji, alikuwa ameketi ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe na kifua cheupe. Ndiye furukombe, tai wa majini. Watu wa ufukwe walimwita Kichwa-Cheupe. Alitupa kichwa nyuma, akalia kwa sauti inayosikika hadi ng'ambo ya ghuba.

"Ulimuona akiiba?" Sidonie aliuliza.

"Sina haja ya kumuona. Miye namujua."

Msomaji, usimcheke Basile. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa nzito. Siku za kwanza za vita, kabla familia haijakimbilia milimani, mdogo wake, Eugène, alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kwenda Burundi. Siku moja hakurudi. Basile alimtafuta kwenye matete ya mdomo wa Mto Ruzizi. Kwanza aliuona mtumbwi, ubavu wake umepasuka. Juu ya ncha yake aliketi Kichwa-Cheupe. Karibu na hapo, ndani ya matete, alilala Eugène, maiti. Tangu siku hiyo Basile hakuweza kusikia sauti ya ndege huyo bila kukunja ngumi. Tena watu walisema ndege huyo anakula waliozama. Basile hakubisha.

Basi alikwenda Luvungi kwa ndugu zake wanaolima pamba. Alirudi na unga mweupe kwenye karatasi. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa pamba. Hakumwambia mkewe. Asubuhi alichukua samaki wachache, akawapaka ule unga, akawaweka juu ya jiwe kando ya maji. Kisha akajificha nyuma ya mtumbwi.

Kichwa-Cheupe hakushuka. Aliendelea kuketi juu ya mti wake, akitazama ziwa.

Walioshuka ni mwewe, wale ndege wa rangi ya udongo wenye mkia uliogawanyika. Mmoja alinyakua samaki wa kwenye jiwe. Wenzake wakamfukuza, wakagombana hewani juu ya nyumba. Samaki akaponyoka, akaanguka uani, karibu na kizingiti kisichokuwa na mlango.

Kuku alifika wa kwanza. Alidonoa, akadonoa tena. Spès alikuwa ameketi palepale. Siku hizo njaa yake ilikuwa imeanza kurudi. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kilichobaki.

Basile alikimbia kuliko alivyokimbia risasi. Alifika, akampokonya mtoto samaki.

"Amekula?" alimuuliza Sidonie. "Niambie, amekula?"

Sidonie hakuelewa. Kisha alimwona kuku. Kuku alikuwa akitetemeka, shingo imejipinda, na baada ya kitambo hakutetemeka tena. Sidonie alimtazama mumewe usoni, akaelewa yote.

"Umetia nini mu samaki ya mutoto wangu?"

Honorine alisikia kelele, akaja. Hakupoteza muda kugomba. Alimfungua Spès mdomo, akatazama kila upande, akamfuta kwa kitambaa chenye maji safi. Alimwosha mikono na uso kwa sabuni.

"Nimutapishe?" Sidonie aliuliza, kidole tayari.

"Hapana. Usimutapishe, na usimupe maziwa. Sumu inaweza kuingia mu mapafu. Tunaenda naye dispansari sasa hivi. Baba Spès, lete ile karatasi ya dawa, nijue ni dawa gani."

Walimlaza Spès dispansari hadi jua likashuka. Honorine alimwangalia macho, akamsikiliza pumzi. Basile alisimama nje, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwishowe mtoto aliomba maji, kisha akaomba chakula. Hakuwa amekula ile sumu.

"Bahati imekusaidia," Honorine alimwambia Basile. "Dawa ya shamba haina macho. Haijui huyu ni ndege, huyu ni kuku, huyu ni mutoto. Na ile ingine isiyotumika usitupe mu ziwa. Ziwa ni chungu yetu wote."

"Na samaki yenye imebaki juu ya jiwe?" Basile aliuliza.

"Twende tuwachome, tuwazike mu shimo ya mbali na maji. Na kuku pia. Mutu asimule."

Basile alichimba lile shimo mwenyewe, refu kwenda chini.

Siku chache baadaye meli ilitia nanga Kalundu. Mtu mmoja alishuka na mfuko begani, akaja moja kwa moja hadi uani kwa Basile. Sidonie alipomwona aliacha mchi ukaanguka.

"Yaya," alimwita, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa.

Alikuwa Firmin, kaka yake mkubwa, fundi wa mashine melini. Vita ilimkuta upande wa kusini wa ziwa, meli zikasimama, akabaki huko Mpulungu, Zambia. Kwa miezi hiyo yote hawakujua kama yu hai. Sidonie alimshika mikono, akamgeuza huku na huku kama anayenunua shati. Alilia, na Firmin naye alilia. Walipomtajia habari ya Eugène, alikaa chini.

Baada ya kula, Firmin alifungua mfuko. Alimpa Spès bendera ndogo ya karatasi. Ilikuwa ya kijani, na pembeni ilikuwa na mistari mitatu: mwekundu, mweusi na wa rangi ya chungwa. Juu ya mistari aliruka ndege.

"Ni bendera ya Zambia," alisema. "Wamepata uhuru mwezi wa kumi. Nilikuwa mule ndani ya watu. Walipoipandisha, wazee walilia. Shemeji, angalia vizuri ile ndege."

Basile aliangalia. "Ni nani?"

"Ni Kichwa-Cheupe. Wa ziwa hii hii. Siye tuko kichwani mwa ziwa, wao wako mukiani. Wamemuchagua sababu anaruka juu ya shida ya chini. Ndivyo mwalimu mumoja wa kule alinielezea."

Basile alirudisha bendera kana kwamba imemchoma.

"Inchi nzima wamechagua mwizi?"

"Si wao tu wenye kuchagua ndege," Firmin alisema kwa upole. "Ule mwalimu alinihesabia. Uganda wamechagua musambi."

"Musambi? Ule korongo mwenye taji, wa mu mashamba ya mupunga ya Bwegera?" Sidonie aliuliza.

"Ule ule mwenye kucheza dansi. Wahindi wamechagua tausi. Amerika wana tai, naye iko na kichwa cheupe, kama ndugu ya huyu wetu. Wamexiko wana tai anapigana na nyoka, iko katikati ya bendera. Na Guatemala, inchi ndogo ya mbali, wana ndege ya kijani yenye mukia murefu. Watu wa kule wanasema ukimufungia mu kizimba, anakufa. Anataka uhuru tu."

"Na siye Kongo?" aliuliza Honorine, aliyekuwa amekuja kumsalimu mgeni.

"Siye tuna chui."

"Ni sawa," Sidonie alisema kwa sauti ya chini. "Ya simba tumeshaiona."

Walicheka kidogo, kile kicheko cha watu waliotoka vitani. Basile hakucheka.

"Kwa nini watu wanachagua ndege?" Honorine aliuliza.

"Mwalimu alisema kila inchi inachagua ndege yenye watu wake wanaijua. Wanaiona kila siku, wanasikia sauti yake, wanajua wako kwao. Na wakishaichagua, wanaanza kuilinda. Ndege yenyewe haijui kitu. Inavuka mupaka bila karatasi."

Ndipo Basile akazungumza.

"Ile ndege ilikuwa imeketi juu ya mutumbwi ya Eugène," alisema. "Watu wanasema anakula waliozama. Mutu ananiambia nimulinde?"

Aliyejibu ni Sidonie.

"Basile," alisema, "weye ndiyo ulimuosha Eugène. Ulikuta fasi mu mwili wake yenye ndege imemudonoa?"

Basile aliinamisha kichwa. Alikumbuka mikono ya mdogo wake, na uso wake.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hata fasi moja. Alikuwa kama amelala."

"Na matete ya kule ni marefu. Mutumbwi uliuona namna gani?"

Macho ya Basile yalijaa machozi, na hakuyaficha.

"Niliona kichwa cheupe juu ya matete," alisema. "Nikaifuata."

"Basi," Sidonie alisema. "Watu wangapi wa Uvira hawakupata hata mwili wa kuzika? Siye tulimuzika."

Honorine alirudisha mazungumzo kwenye kazi, maana watoto hawalishwi kwa machozi.

"Kichwa-Cheupe si mutakatifu," alisema. "Anaweza kunyang'anya ndege wengine. Lakini mara nyingi anavua mwenyewe, mu maji. Wenye kuiba ndagala ni mwewe, kunguru na kuku zenu wenyewe. Na wote munawatandikia meza chini. Inueni ndagala. Jengeni kichanja, juu kama kiuno. Mutandaze matete juu yake, upepo upite chini na juu. Mufunike na wavu ya zamani. Samaki watakauka mbio, na tumbo ya mutoto haitaendesha tena kwa mchanga na kinyesi."

"Mbao tutatoa wapi?" Sidonie aliuliza. "Hata mulango hatuna."

Nyuma ya nyumba ulikuwapo mtumbwi wa Eugène, ulioletwa pamoja na mwili wake, umepinduliwa. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kuugusa. Basile aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba. Wote walisikia nyundo ikipiga, polepole, msumari mmoja baada ya mwingine ukitoka.

Kesho yake kichanja kilisimama uani. Miguu na fremu zilikuwa mbao za mtumbwi. Firmin alifunga matete. Sidonie aliosha ndagala kwa maji safi, akazitandaza, akazigeuza jua lilipopanda, na juu yake akafunga wavu uliochakaa. Mwewe walizunguka, wakashuka, wakakuta wavu, wakaondoka na hasira zao. Jioni ndagala zilikuwa kavu, zinang'aa, hazina mchanga.

Kila siku Sidonie alitwanga, na kila siku Spès alikula. Kwanza uvimbe wa miguu uliisha. Kisha akaanza kugombana na kuku, na hapo mama yake akajua anapona. Mwaka mpya ulipoingia, nywele nyeusi zilikuwa zimeota chini ya zile nyekundu. Majirani walikuja kutazama kile kichanja. Waliondoka bila kusema mengi, lakini baada ya muda vichanja vilionekana uani kwao pia.

Asubuhi moja Kichwa-Cheupe alitoka mtini, akaja kutua juu ya nguzo ya pembeni ya kichanja. Nguzo hiyo ilikuwa ile ncha ya mtumbwi. Hakutazama ndagala. Alitazama ziwa.

Spès alikuwa amekaa mapajani mwa baba yake, bendera ya karatasi mkononi, imeshakunjamana. Aliangalia bendera, akaangalia nguzo.

"Baba, ni nani ule?"

Sidonie alisimamisha mchi, akangoja kusikia.

"Ni Kichwa-Cheupe," Basile alimwambia mtoto. "Ndiye alinionyesha fasi baba yako mudogo alikuwa. Usimufukuze, mama. Acha apumzike."

Spès akaufunika mdomo wake mwenyewe kwa mkono, ili asimtishe ndege.