Mjukuu wa Kitanda Namba Saba

Kila siku akitoka shule, Kinyonga alipitia mlango wa nyuma wa hospitali, akaingia chumba cha kufulia na kumsaidia mama yake kukunja mashuka. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, vidole vimekunjamana kwa sabuni, na ndiye aliyempa mtoto jina hilo. "Asubuhi unatoka nyumbani binti yangu," alisema, "jioni watu wananiuliza habari za binti wa rubani!"

Hakumsingizia. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alipenda mchezo mmoja kuliko yote: kujifanya mtu mwingine mbele ya watu asiowajua. Kwenye foleni ya dawa aliwahi kuwa bingwa wa kuogelea, ilhali maji marefu aliyoyajua ni ya beseni. Kwa muuza magazeti alikuwa pacha, na mwenzake kalazwa. Muuza magazeti wa watu akampa pole na gazeti la jana.

"Sijaiba cha mtu, mama," alisema, mdomo kaubinua. "Nimeazima maneno tu."

"Jeuri yako itakuponza."

Siku moja, saa ya kuwaona wagonjwa, alichungulia wodi ya wanawake. Kila kitanda kilikuwa na wageni isipokuwa namba saba. Pale alikaa bibi mmoja mwembamba, macho mlangoni, kama anayengoja gari lililokwisha kupita.

Kinyonga akamwendea mlinzi wa mlango, mzee mwenye daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Ndugu tu ndio wanaoingia," mlinzi alisema. "Wewe ni nani kwake?"

"Mjukuu wa kitanda namba saba."

Mlinzi akaandika, lakini kwa kuwa hakuzaliwa jana, akamfuata nyuma. Bibi akamtazama mtoto toka kichwani hadi miguuni.

"Ndiyo saa ya kuja hii?" Bibi akafoka. "Na wale mbuzi umewafunga?"

"Nimewafunga, Bibi. Beberu tu ndiye kagoma."

"Huyo kafuata tabia ya babu yako."

Mlinzi akarudi mlangoni, na wale wawili wakacheka mpaka kitanda kikalia.

Bibi huyo alikuwa mshona magodoro. La hospitali alilitukana kila siku: "Hili walijaza mawe au majuto?" Mto wake alikuja nao mwenyewe, na siku ya pili aliupapasa mshono, akanong'ona, "Mtu wa sindano haweki vitu vyake mfukoni, mjukuu wangu. Anashonea. Hapa hata kandambili zinatembea peke yake. Kadi yangu ya kliniki imo humu."

Siku nne walicheza. Mbele ya mgonjwa wa namba nane, Bibi alikuwa nahodha wa meli, na Kinyonga fundi wake wa injini.

Siku ya tano, Bibi hakuuliza habari za mbuzi. Homa ilikuwa imempanda, maneno yake hayakushikana. Muuguzi akaja na faili.

"Wewe ndiye mjukuu wake? Daktari ameagiza sindano. Kuna dawa inayomdhuru?"

Kinyonga akanyoosha mgongo kama mjukuu wa kweli. "Hakuna. Bibi yangu ni chuma!"

Muuguzi akaandika. Kengele ikalia, wageni wakatolewa.

Chumba cha kufulia kilijaa mvuke. Mama alishika shuka la rangi, akaligeuza kutafuta lebo.

"Hili nililikuta wapi? Linahimili dawa ya kung'arisha?"

"Sijui, mama."

"Basi tusikisie. Nguo usiyoijua ukiikisia, unaichoma."

Kinyonga akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Kwa shuka amesema hajui. Kwa mtu amesema hakuna! Akatupa foronya, akatoka mbio.

Mlinzi akaweka mkono mlangoni. "Saa imekwisha."

"Nipishe, babu! Mimi si mjukuu wake!"

"Ala! Jana mjukuu, leo si mjukuu, kesho utakuwa mganga mkuu?"

"Niite mwongo, nifukuze, nifungie nje mwaka mzima! Lakini nikishaingia!" Akapita chini ya mkono wake.

Muuguzi alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Usimchome! Nimekudanganya. Si bibi yangu. Sijui dawa gani inamdhuru, sijui chochote!" Akaunyooshea mto kidole. "Ninachojua ni kimoja tu. Kadi yake imeshonewa ndani ya mto."

Muuguzi akaweka sindano kwenye sinia, akachukua mkasi, akafumua mshono. Kadi ikatoka na nyuzi za pamba. Juu yake, kwa wino mwekundu, lilikuwepo jina la dawa ile ile, na chini yake: ASIPEWE.

Muuguzi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Na mimi nilipaswa kutafuta kadi kwanza," alisema polepole. Kisha akaenda kumwita daktari abadilishe dawa.

Siku tatu baadaye homa ya Bibi ilishuka. Mama alimfikisha Kinyonga wodini akiwa kamshika mkono kama mfungwa.

"Mwombe radhi Bibi."

"Nisamehe, Bibi. Nimekosa. Lakini mchezo siuachi!"

"Umesikia jeuri hiyo?" mama akauliza.

"Nimesikia, na ndiyo iliyompitisha mlangoni," Bibi akajibu. "Nani kamwambia auache? Mimi nahodha nitabaki na meli bila fundi? Sikiliza, mjukuu wangu. Cheza, watu wacheke. Lakini mtu akikuegemea, asiangukie mtu ambaye hayupo. Hapo vua uongo wote, useme unalolijua. Na usilolijua, sema hujui. Neno hilo halijamwua mtu."

Kesho yake Kinyonga alisimama tena mbele ya daftari.

"Leo ni nani?" mlinzi akauliza.

"Binti wa dobi. Kitanda namba saba si ndugu yangu, na naingia."

"Ndugu tu. Hapa pameandikwa 'uhusiano'."

"Andika rafiki."

"Halijawahi kuandikwa hapa."

"Kwa hiyo kalamu imekwisha wino, babu?"

Mlinzi akamtazama. Akaivuta kalamu kwa uzi wake, akaandika herufi moja moja. Kisha akaondoa mkono mlangoni.